Maswali na Majibu: Kontena za Linux juu ya kerneli isiyo ya Linux

Swali: Nina seva ya FreeBSD 14 (mfumo endeshi wa jamii ya Unix, si Linux). Nasikia naweza kuendesha kontena za Linux humo humo bila mashine pepe. Kontena si hutumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mwenyeji? Sasa hiyo Linux inatoka wapi?

Jibu: Haitoki popote, maana kerneli ya Linux haimo kabisa. Ndani ya imeji (kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutoka kwake) kuna programu na maktaba zake tu. Prosesa ni ile ile, kwa hiyo maelekezo ya mashine hayatafsiriwi. Kinachotofautiana ni namna programu inavyoiomba kerneli kazi. Kila ombi lina namba yake: kwenye Linux ya amd64 (prosesa za kawaida za biti 64 za Intel na AMD), namba 1 ni kuandika, kwenye FreeBSD, namba 1 ni programu kujimaliza. Bila msaada, programu ya Linux ingekufa pale pale inapotaka kuandika neno la kwanza. Hata namba za makosa zinapishana. EAGAIN (kosa la "jaribu tena") ni 11 kwenye Linux na 35 kwenye FreeBSD. Moduli ya Linux ya FreeBSD huipa programu ya Linux jedwali lake la maombi, na majibu yakirudi huyageuza yaeleweke. Ukuta wa kontena wenyewe ni jela (jail) ya kawaida ya FreeBSD, yaani njia yake ya kutenga programu na mfumo mwingine.

Ukiwa root, fanya hivi ili kuwasha moduli hiyo na kusakinisha Podman, programu ya kuendesha kontena:

`sysrc linux_enable=YES`
`service linux start`
`pkg install podman-suite`
`mount -t fdescfs fdesc /dev/fd`

Hiyo ya mwisho iingize pia kwenye /etc/fstab, la sivyo itapotea ukiwasha mashine upya. Kwa mtandao, kuna mfano tayari kwenye /usr/local/etc/containers/pf.conf.sample. Unakili uwe /etc/pf.conf, weka jina la kadi yako ya mtandao kwenye v4egress_if, kisha washa pf, kichujio cha mtandao cha FreeBSD. Kama tayari una kanuni zako za pf, tafadhali usizifute: chukua mistari ya NAT na anchor uichanganye na zako. Halafu jaribu:

`podman run --rm --os=linux docker.io/library/alpine uname -sr`

Itajibu Linux na toleo kama 5.15.0. Toleo hilo ni tamko tu, linatoka kwenye `compat.linux.osrelease`. Mtu akikuambia programu yake inataka kerneli mpya zaidi, kupandisha namba hiyo hakuongezi uwezo wowote; kunaifanya programu iombe vitu visivyokuwepo. Ukisahau `--os=linux`, Podman itatafuta imeji ya FreeBSD na kulalamika kwamba haipo.

Swali: Programu yangu iliyoandikwa kwa lugha ya Go inagoma na kusema `ELF binary type "0" not known`. Nyingine zinafanya kazi vizuri.

Jibu: Programu nyingi za Linux hujitambulisha kwa njia ya kipakiaji chake (programu ndogo inayopakia maktaba zake), /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Programu ya Go iliyofungwa yote ndani ya faili moja haina kipakiaji, na sehemu ya faili inayotaja mfumo imeachwa sifuri. Kerneli haijui ni ya nani. Karibu kila mara chanzo ni kwamba moduli ilipakiwa kwa mkono kwa `kldload linux64`, bila kupitia `service linux start`. Huduma hiyo huweka pia `kern.elf64.fallback_brand=3`, yaani faili lisilo na utambulisho lichukuliwe kuwa la Linux. Weka thamani hiyo kwa `sysctl` na ujaribu tena.

Swali: Nitajuaje mapema kama programu fulani itakubali?

Jibu: Angalia inaiomba nini kerneli. Seva za wavuti, vikusanyaji vya msimbo (compiler) na programu za amri kwa kawaida hazisumbui. Systemd, Docker ndani ya kontena, KVM na chochote kinachopakia moduli ya kerneli, usipoteze muda navyo: vinataka cgroups (njia ya Linux ya kugawia programu rasilimali) au vifaa ambavyo ni vya Linux yenyewe. Katikati kuna programu zinazoanza vizuri kisha zinakwama. Hapo soma `dmesg`. Ukiona mstari unaotaja jina la programu, jina la ombi na maneno `not implemented`, umempata mchawi. Programu nyingi zinazopenda io_uring (njia ya Linux ya kusoma na kuandika data kwa haraka) zina kitufe cha kuizima. Kizime kwanza kabla ya kukata tamaa.

Kama imeji ni ya ARM na mashine ni amd64, hilo ni tatizo la prosesa wala si la kerneli. Tafuta imeji ya amd64.

Swali: Kwenye Mac na Windows mbona Docker haihitaji yote haya?

Jibu: Kwa sababu huko mna Linux halisi iliyofichwa ndani ya mashine pepe. Windows ilijaribu njia ya kutafsiri maombi mwaka 2016 kwa WSL ya kwanza (sehemu ya Windows ya kuendesha programu za Linux), na Docker haikuweza kuendesha kontena humo. WSL 2 ya 2019 ikaleta kerneli kamili ya Linux. Gharama yake ni kumbukumbu inayotengewa mashine hiyo, na folda zinazovuka mpaka kuwa nzito. Mradi wenye maelfu ya faili ndogo uweke upande wa Linux, utaona tofauti siku hiyo hiyo.