Kujitoa baada ya kusalitiwa

Ndugu, unauliza kama ni sawa kujitoa mchezoni pale mshirika anapokugeuka. Kwenye chesi jitoe tu, mko wawili na hakuna mwingine anayeumia. Mchezo wa watu saba kama Diplomacy, ule wa vita na mapatano kwenye ramani ambao huchezwa pia mtandaoni, ni habari nyingine. Ukiondoka, majeshi yako yanabaki yamesimama kama magogo, na jirani anazoa vituo vyako, yaani maeneo yanayolisha majeshi, bila jasho. Mshindi anahitaji vituo 18 kati ya 34, kwa hiyo vitatu vya bure vinaweza kuamua mechi nzima. Wale wengine watano wamekukosea nini?

Usaliti wenyewe si kosa. Ahadi za humo hazina mdhamini, na kila mtu anajua. Hata ukibaki na vituo viwili bado una sauti: mwandikie adui wa aliyekugeuka, mwambie utamuunga mkono mpakani. Utashangaa atakavyokubembeleza. (Nisiowavumilia mimi ni wanaocheza na akaunti mbili. Huo ni wizi.)

Ukipata dharura ya kweli, mwambie msimamizi mapema atafute mbadala, kabla muda wa kutuma amri haujaisha.