Hana Mwanamke Mombasa, Ana Kikao

"Shikamoo Somo. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Malindi. Mume wangu ni dereva wa tuktuk na alikuwa mlevi wa mnazi kwa miaka minane. Nimemwombea, nimempeleka kwa mganga, mwaka jana hata nilimfungia chumbani siku mbili, akatetemeka mpaka akaanguka kama mwenye kifafa. Sasa ni miezi mitatu hanywi, lakini kila Jumamosi hupanda matatu kwenda Mombasa na kurudi usiku. Eti ni kikao cha watu wanaoacha pombe. Nikimwuliza walikuwapo kina nani, hanijibu. Kwenye simu yake nimekuta namba iliyoandikwa M tu, wamezungumza saa tano usiku. Pesa za tuktuk hanipi mkononi tena, hununua vitu mwenyewe. Mamake anamtetea, na jirani zangu wote wanasema ana mwanamke. Nimkataze? – Mwenye Mashaka."

Marahaba, mwanangu. Miaka minane ya kufua matapishi si mchezo, pole. Pole yangu imeishia hapo.

"Jirani zangu wote wanasema." Wamejuaje? Mtu anayesafiri kilomita kama 120 ili asionekane hawezi kuwa ndiye aliyewahadithia. Umewahadithia wewe, na ndiyo maana akaona Malindi hapamfai. Hapa akiingia mlango wowote, kabla ya magharibi khabari imefika Mambrui.

Kikao chenyewe nakijua. Alcoholics Anonymous maana yake ni walevi wasiotajwa majina. Anayemwona mwenzake pale humwacha pale pale, hamleti nyumbani kumfanya mazungumzo ya chai. Hakuna ada, na sharti la kuingia ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Mgeni hushikwa mkono na aliyemtangulia, wenyewe humwita mdhamini, ampigie kiu ikimbana. Kwa kawaida mwanamume hushikwa na mwanamume mwenzake. Na saa tano usiku, mangweni kumechangamka, ndiyo saa ya kubanwa. Huyo M wako, mie naona ana ndevu.

Sasa nikwambie kinachokuuma. Mwaka 1935 dalali mmoja wa hisa wa Marekani, Bill Wilson, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, biashara imemharibikia, na baa iko hatua chache tu. Akaikimbilia simu, akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji, mlevi kama yeye, na wawili hao ndio wakaanzisha vikao hivi. Aisifuye mvua imemnyea. Lakini mwenye kisa chako ni mkewe Bill, Lois. Alimhangaikia mumewe kwa miaka, asiache. Alipoacha, siku moja akamwambia mkewe wafanye haraka wasichelewe kikao. Lois akamrushia kiatu! Baadaye alikiri kilichomchoma: wageni wameweza alichoshindwa yeye.

Kiatu hicho unacho mkononi, mwanangu. Wewe huna wivu na mwanamke.

Na pesa je? Alipokuwa amelewa ulikuwa wewe bwana wa nyumba, na ilibidi. Sasa ananunua unga na samaki mwenyewe, nawe unaona umefutwa kazi. Hukuandika kwamba watoto wamelala njaa. Ningekuwa mamake, hata mie ningemtetea.

Nimesinga maharusi wengi, na ndoa za siku hizi zinanichosha. Zamani mume akisema anakwenda barazani, mke alijua yuko barazani, hakudai orodha ya waliokaa. Leo mtu ana neno la siri la simu ya mumewe, lakini hajui mumewe anaogopa nini usiku. Kutwa ni kupekua, kisha kupiga picha na kuandika "mfalme wangu". Haya, tuyaache.

Ila hili la kumfungia chumbani sikuliachi. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kushikwa na degedege katika siku mbili za mwanzo, kisha mtu akaweweseka na kuona visivyokuwapo, na wengine hufa. Haikuwa jini. Akianguka tena kwenye pombe, Mungu apishie mbali, kuacha kwake kuanzie hospitalini, si kwa kufuli.

Nauli ikiwa inawalemea, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192. Mwambie aulize palipo na kikao karibu, na vipo pia vya kuhudhuria kwa video kwenye simu. Hapo wewe toka chumbani, ufunge mlango. Lakini kuchagua ni kwake. Akisema Mombasa, ni Mombasa. Kila Jumamosi usiku anarudi kwako na macho meupe. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Wewe nawe una chako. Lois yule yule, mwaka 1951, ndiye aliyeshiriki kuanzisha Al-Anon, vikao vya jamaa za walevi. Namba ni ile ile, uliza. Huko utayasema yote unayoyapeleka kwa jirani, na hayatatoka.

Jumamosi hii mpigie pasi shati, umtilie mahamri ya njiani. Akirudi usimwulize walikuwapo kina nani, mwulize kama amekula. Na ile namba ya M, maana najua umeinakili, ifute.