Bila kuzimua asubuhi, mikono inatetemeka

Nakunywa pombe kila siku, miaka mingi sasa. Bila kuzimua asubuhi, hata kikombe nashindwa kukishika. Jumatatu nataka nijifungie chumbani niache moja kwa moja. Nitaweza?

Nia ni njema ndugu yangu, ila chumbani usijifungie. Mwili uliozoea pombe ukiikosa ghafla, mishipa ya fahamu hucharuka. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege laweza kukuangusha ndani ya saa 48, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wapo wanaoona wadudu ukutani na kusahau walipo. Hapo watu hufa. Watu huiogopa arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, kumbe hii ya pombe ndiyo inayoua kirahisi zaidi.

Mikono yako ya asubuhi ndiyo inayonitia wasiwasi. Usikate ghafla kabla hujaonana na daktari, na uende mapema. Atakupa dawa ya kutuliza, mfano diazepamu, kwa siku chache huku dozi ikipunguzwa, pamoja na vitamini B1, ambayo ikipungua sana ubongo huharibika. Wengi hutibiwa wakitokea nyumbani. Aliyewahi kupata degedege, au anayeishi peke yake, ni bora alazwe.

Kliniki ya uraibu imenipa tarehe ya miezi miwili mbele. Nisubiri?

Tarehe itunze, lakini usikae bure. Daktari wa kawaida wa kituo cha karibu anaweza kukuanzishia matibabu. Naltreksoni na akamprosati, dawa za kupunguza hamu na kukusaidia usirudie, ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, wala hazihitaji kitanda cha wodi. Mtajie idadi ya chupa, usimwambie "kidogo tu". Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya walevi wanaosaidiana kuacha, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, havitozi ada wala haviulizi barua ya rufaa.

Ukipata degedege au maruweruwe, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo.

Mume wangu mlevi hataki kusikia habari za hospitali. Shoga yangu kanishauri nimtilie disulfiramu, dawa ya kumkomesha pombe, kwenye chakula kimyakimya.

Hapana, dada. Akinywa pombe juu ya dawa hiyo atatapika, presha itashuka, na moyo unaweza kusimama. Ni dawa ya mtu anayejua anachomeza. Nenda wewe kwanza kwa mshauri. Ndugu wa mraibu nao hupokelewa.

Nyumba nzuri ya upataji nafuu (sober house) nitaitambuaje?

Uliza usiku zamu anashika nani na kama ana ujuzi wa uuguzi. Dawa anaandika nani? Mgonjwa akitoka, nani humfuatilia? Wakikujibu "sisi tunamfungia tu, atazoea", beba mkoba wako uondoke.