ULIZA FUNDI: Picha ya zege la chapa inapendeza, ila gari litapita hapo miaka mingapi?

Wiki hii nimepata maswali ya paking na baraza tu, naona watu wamechoka na vumbi. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu sababu ndani yake kuna maswali ya watu kama kumi hivi, mengine nimepita haraka.

*

Shikamoo fundi. Mimi nipo Goba, kwangu ni mteremko, kutoka getini mpaka mlango wa gereji ni kama mita 12 na upana mita 4. Fundi kanionyesha picha kwenye simu za zege lenye chapa ya mawe, jamani ni zuri mno, ila baba watoto anasema tuweke pevingi, yale matofali ya kupanga chini, yaishe. Fundi anataka nichague rangi leo nimpe hela akanunue. Nichague ipi? (Mama wa Goba)

Marahaba mama. Leo usitoe hela ya rangi. Rangi ndo kitu cha mwisho kabisa kwenye hii kazi na fundi anayeanza na rangi kabla hajashika futi wala kuuliza maji ya mvua yanapita wapi, huyo mi namtilia shaka.

Halafu hizo picha, zege limepigwa siku hiyo hiyo limemwagiwa sila, ile dawa ya kuziba na kung'arisha juu, linang'aa kama kiatu cha harusi. Mwambie akupeleke kwenye kazi yake ya miaka miwili iliyopita, nenda siku ya mvua ukiweza, kanyaga mwenyewe na ndala uone kama unateleza. Akikosa hata moja ya kukupeleka basi umeshajua wewe ndo wa kwanza wake, utakuwa daftari lake la mazoezi.

Zege la chapa ni zege la kawaida tu mama. Linamwagwa, linasawazishwa, linatiwa rangi, halafu kabla halijakauka linagandamizwa na moldi za mpira zenye sura ya mawe au mbao au matofali. Kuna Mmarekani anaitwa Brad Bowman alianza kuchezea vifaa vya hivi California miaka ya 1950, kwa hiyo sio maajabu mapya. Ugumu wake uko kwenye muda. Kabla hujaweka moldi unabonyeza zege kwa kidole, kidole kiingie kama nusu sentimita, kiache alama safi na kisitoke na ute wa sementi, yani kama unavyobonyeza donge la chapati uone limelainika. Ukiwahi, moldi inazama na kunasa, ukichelewa unapiga nyundo mpaka jasho linakutoka na chapa haiingii.

Nalijua hili kwa machungu. Paking ya kwangu mwenyewe nilimwaga Februari, tumeanza saa tano asubuhi sababu kokoto zilichelewa, watu wanne moldi tatu, jua la Dar mnalijua wenyewe. Nusu ya kwanza ilitoka mawe safi kabisa, tulipofika upande wa karakana zege limeshashika, ile chapa imetoka kama mtu aliyepaka poda akasahau nusu ya uso. Ipo mpaka leo, napaki gari juu yake makusudi. Kwa hiyo anza saa kumi na mbili asubuhi, vifaa vyote viwe saiti tangu jana yake, na usikubali mita zote 48 za mraba zimwagwe siku moja na watu wanne, igawe.

Sasa unene. Kwa gari ndogo sentimita 10 inatosha kama chini pameshindiliwa vizuri, maana yake kifusi cha moramu kilichopigwa kompakta kwa tabaka, sio kile cha kukanyagwa na vibarua wakiongea mpira. Kama boza la maji litaingia ndani weka 15. Mchanganyo ule ule mliozoea, ndoo moja ya sementi, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, tena mchanga ukiwa umelowa punguza. Hapa ndo vibarua wanapoharibu, wanataka zege litembee lenyewe kama uji ili wasichoke, likikauka juu linakuwa vumbi na rangi inaondoka na ufagio. Kwa eneo lako kwa sentimita 10 utahitaji kama mifuko 30, akikuandikia 20 muulize mingine kumi inatoka wapi.

Na mikato. Zege lazima litapasuka, kazi yetu ni kuliambia lipasukie wapi. Kwa unene wa 10 usiache kipande kizidi mita 3, kwa hiyo wewe wa upana wa mita 4 unahitaji mkato mmoja katikati urefu wote, halafu ya kukatisha kila mita 2.4, kina chake robo ya unene yani sentimita 2 na nusu. Grainda iingie siku hiyo hiyo jioni au kesho yake alfajiri, mtu akikuambia atakuja wiki ijayo ufa utakuwa umemtangulia. Fundi mjanja anapitisha mkato kwenye mstari wa chapa hata huuoni.

Rangi sasa, maana najua ndo ulichokuja nacho. Kuna ya kuchanganya ndani ya zege lote na kuna ya kunyunyiza juu kisha kusugua. Ya juu inakolea zaidi na inaongeza ugumu, ila kona ikibanduka utaona kijivu chini. Ya ndani imepoa kidogo lakini hata ukichimba ni ile ile. Kwa vyovyote uliza kama ni oksaidi ya chuma, kama ile nyekundu ya sakafu za bibi zetu, hiyo jua haliiwezi. Kuchagua yenyewe mi huwa naangalia udongo wa barabarani kwa mteja. Gari litauleta na matairi kila siku, sasa kama udongo wenu ni mwekundu ukaweka kijivu cheupe utakuwa unadeki paking kama sebule. Rangi iliyo jirani na udongo wako inakaa inaonekana safi hata ukiwa hujagusa wiki nzima. Na kabla ya yote afanye kipande cha sampuli mita moja kwa moja, mkiache kikauke siku kadhaa ndo mkubaliane, rangi ya zege bichi na kavu ni vitu viwili tofauti.

Baba watoto naye hajakosea mama. Kama bomba la maji au la maji taka bado halijapita hapo, pevingi unazing'oa, unachimba, unazirudisha, hakuna atakayejua. Zege la chapa ukilikata kiraka hakitafanana milele. Ila kwenye mteremko pevingi zinataka mkanda wa zege chini uzizuie, bila hivyo zinashuka kidogo kidogo na gari. Ningekuwa mimi hapo kwako njia ya gari ningepiga zege la kawaida la kusugua na fagio gumu ili tairi ishike, pembeni huku na huku mkanda wa chapa sentimita 40, kisha hela yote ya urembo naipeleka kwenye baraza unapokaa na wageni. Na kabla ya gereji weka mtaro wenye greti, maji ya mteremko yanakimbia.

*

Habari fundi, niko Kitengela. Tunataka kufanya stampu konkriti (hilo hilo zege la chapa) kwa compound, jirani alifanya ikapasuka kila mahali ndani ya mwaka mmoja. Shida ilikuwa fundi ama ni simiti? (Jirani wa Kitengela)

Nzuri ndugu yangu. Inawezekana si fundi wala si simiti, ni ule udongo mweusi wa huko kwenu. Ukinyeshewa unavimba, kiangazi unanywea mpaka unaacha nyufa mtu anaingiza mkono, sasa zege la sentimita 10 juu yake litafanya nini. Ama uchimbe huo udongo utoke wote mpaka ufike chini kwenye pagumu, ujaze mawe na moramu ushindilie, ama uweke kabro, yani pevingi kwa jina la huko kwenu, ukubali kuzinyanyua na kuzipanga upya sehemu itakayobonyea. Hesabu gharama ya kuchimba kwanza. Wengi wakishapiga hiyo hesabu wanarudi kwa kabro, na mimi siwalaumu. Za milimita 60 zinatosha gari ndogo, lori likiingia chukua 80.

*

Fundi eti ni kweli kuna watu wanamwagia zege sukari ili kokoto zionekane juu? Au nimedanganywa kijiweni? (Msomaji, Morogoro)

Hahaa kijiweni safari hii wamesema kweli. Sukari inazuia sementi isishike. Unamwaga zege lenye kokoto nzuri za mviringo, za mtoni, unasawazisha, kisha unapuliza maji yenye sukari juu tu, unafunika na nailoni. Kesho yake chini limeshika ila ngozi ya juu bado laini, unasugua na brashi na maji kidogo kidogo, kokoto zinatokeza. Haitelezi, haihitaji moldi, kwa baraza la nje mi naipenda kuliko chapa. Ipo dawa yake ya dukani inayopimika vizuri zaidi, sukari ni ya kubahatisha, kwa hiyo jaribu kwenye kipande kidogo kwanza. Na asije mtu akaitia ndani ya mchanganyo! Utaamka zege lote ni matope.

*

Assalaam alaykum fundi. Mie nipo Unguja, nimejenga baraza nje nikatia rangi ya tofali, miezi mitatu tu imetoka vumbi jeupe kama unga, nikifuta larejea. Kuna mtu kanambia niimwagie asidi ya betri. Nifanyeje? (Mwenye baraza, Unguja)

Waalaykumu salaam. Asidi ya betri weka mbali kabisa na hilo baraza, inakula sementi yenyewe na inaweza kukuunguza na wewe.

Huo weupe ni chokaa ya ndani ya sementi, maji yanaipandisha juu, ikikutana na hewa inageuka unga. Kwenye zege la kijivu ungekuwepo vile vile usiuone, rangi ya tofali ndo imekusaliti. Mara nyingi unapungua wenyewe na miezi. Sugua likiwa kavu na brashi ngumu, ufagie utoke kabisa, usimwage maji kwanza maana unaurudisha ndani. Ukibaki jaribu siki iliyozimuliwa na maji mengi kwenye kona isiyoonekana, suuza haraka. Sila usipake sasa hivi, utafungia unyevu chini na huo weupe hutautoa tena.

Ila nijibu swali moja, mchanga ulitoka wapi? Kama ni wa ufukweni haukuoshwa, hiyo ni chumvi juu ya chokaa na itaendelea kuvuta unyevu kila msimu. Onja kidogo ulobaki kwenye lile fungu nje ya nyumba, kisha niandikie.