Mashine pepe tatu kwenye RAM ya GB 8: nihamie kontena?

Swali: Kompyuta yangu ya mpakato ina RAM ya GB 8 na inatumia Ubuntu. Ndani ya VirtualBox nina mashine pepe tatu (kompyuta za kuigiza, kila moja na mfumo endeshi wake), kila moja nimeipa GB 2: ya hifadhidata ya PostgreSQL, ya Redis (hifadhi ya data ya kwenye RAM) na ya tovuti ninayoijenga. Nikiziwasha zote, hata kivinjari kinagoma. Mwenzangu kazini anasema nitumie kontena, eti ni mashine pepe ndogo. Ni kweli?

Jibu: Ushauri wa mwenzako ni mzuri, ila maelezo yake yamepinda. Kontena si mashine, si ndogo wala kubwa. Ni programu ya kawaida ya Linux iliyozungushiwa ukuta. Jaribu mwenyewe: washa kontena la Redis, kisha andika `ps aux` kwenye Ubuntu yako. Utaiona redis-server kwenye orodha ileile iliyo na kivinjari chako. Sasa ingia ndani ya kontena, uandike `uname -r`. Toleo la keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni lilelile la kompyuta yako, kwa sababu keneli ni moja tu.

Hapo ndipo unapopona. Sasa hivi unalisha mifumo endeshi minne, mitatu kati yake ikiwa imewashwa ili kila mmoja uhudumie programu moja. Kontena halina mfumo wa kuwasha, kwa hiyo huanza ndani ya sekunde moja hivi, na hula RAM ile tu inayohitajiwa na programu yenyewe. Redis isiyo na data hutumia MB chache.

Ukuta wenyewe ni kazi ya keneli. Sehemu yake iitwayo neimspesi huamua programu ione nini. Cgroups, zilizoingia Linux 2.6.24 mwaka 2008, huamua itumie rasilimali kiasi gani. Docker, programu ya kuendesha kontena, ilikuja 2013 ikarahisisha kuvitumia. Kwa PostgreSQL, anza hivi:

`docker run -d --name kanzi -m 512m -e POSTGRES_PASSWORD=siri -v data_kanzi:/var/lib/postgresql/data postgres:16`

Hiyo `-v` usiiache: ndiyo inayoweka data kwenye volyumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena. Mimi niliwahi kuiacha, tena nikaweka `--rm`, inayofuta kontena likisimama. Niliposimamisha kontena Ijumaa jioni, data ya majaribio ya wiki nzima ikaenda nalo. Volyumu yenye jina hubaki hata kontena likifutwa.

Mashine pepe bado ina kazi zake. Ukitaka kuendesha Windows au keneli nyingine, huna budi kuitumia. Programu usiyoiamini pia iweke humo, maana kasoro ya keneli inaweza kuubomoa ukuta wa kontena. (Wenye Windows na Mac, Docker yao huwasha mashine pepe ya Linux kimyakimya, kwa hiyo nafuu yao si kubwa kama yako.)

Zile mashine pepe tatu usizifute leo. Toa kwanza data yako kwa `pg_dump`, uirudishe kwenye kontena, kisha hesabu safu mlalo za jedwali moja moja pande zote mbili.