Majaji watatu wa Oslo

Wiki hii mmeuliza: ushindi uliotolewa na majaji wa nyumbani, nao uhesabiwe ushindi? Nadhani wengi watawajibu kwa penalti za mpira. Mimi nimekuwa jaji wa ngumi za ridhaa kwa miaka kumi na moja, lakini kesi inayonirudia kichwani si ya ngumi. Ni ya msichana wa Norway, Sonja Henie, aliyekuwa na miaka 14 alipotwaa ubingwa wa dunia wa kuteleza kwenye barafu, Februari 1927, mjini kwao Oslo.

Bingwa mtetezi alikuwa Herma Szabo wa Austria, mwanamke aliyelishika taji hilo mara tano mfululizo tangu 1922. Hawa wawili walikuwa wamekutana Chamonix, kwenye Olimpiki ya 1924. Szabo aliondoka na dhahabu. Henie, mtoto wa miaka 11, alikuwa wa mwisho kati ya wanane. Miaka mitatu baadaye wako uwanja wa Frogner, na mezani kuna majaji watano: watatu wa Norway, mmoja wa Austria, mmoja wa Ujerumani. Wale watatu wa Norway wote wakamweka Henie wa kwanza. Wa Austria na wa Ujerumani wote wakamweka Szabo. Tatu kwa mbili, taji likabaki Oslo.

Asiyeujua mchezo huu apate picha kidogo. Siku zile sehemu kubwa ya alama haikutokana na kuruka wala kuzunguka kwa muziki. Ilitokana na michoro ya lazima: mtelezaji anachora umbo la namba nane kwenye barafu kwa ukingo wa chuma cha kiatu chake, akiwa juu ya mguu mmoja, kisha anaipita tena na tena juu ya alama ileile. Majaji wanasogea, wanainama, wanaangalia kama mistari imelaliana na kama duara ni duara kweli. Mwishoni kila jaji anawapanga washindani kwa nafasi, na anayewekwa wa kwanza na majaji walio wengi ndiye bingwa. Tofauti hata ikiwa nyembamba kama unywele, nafasi ya kwanza ni nafasi ya kwanza. Watatu wakishakubaliana, wawili waliobaki hawana la kufanya.

Je, wale watatu waliiba? Sisemi hivyo. Niliwahi kumpa ushindi kijana wa mkoa wetu katika pambano ambalo, nilipolifikiria usiku ule kitandani, mgeni ndiye aliyepiga ngumi safi nyingi zaidi. Hakuna aliyenihonga. Ukumbi ulikuwa ukilipuka kila kijana wetu alipotupa mkono, hata ngumi zilizoishia kwenye glovu, na kalamu yangu ikafuata kelele. Yule mgeni alinipa mkono baada ya matokeo kutangazwa. Mpaka leo naukumbuka mkono ule, na tangu siku hiyo nimekataa kukaa mezani bondia wa mkoa wangu akiwa ulingoni.

Ndiyo maana naheshimu kilichofuata Oslo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliweka kanuni: kila nchi jaji mmoja tu. Kwangu mimi huko ni kukiri kwamba meza ile haikuwa sawa. Matokeo lakini hayakuguswa.

Na Henie? Hapa lazima nimtendee haki, maana alikwenda kulitafuta taji lake upya kwenye viwanja vya watu. Mwaka 1928 huko St. Moritz majaji walikuwa saba, na sita kati yao wakamweka wa kwanza kwa dhahabu ya Olimpiki. Lake Placid, 1932, wote saba. Garmisch-Partenkirchen, 1936, Cecilia Colledge wa Uingereza, binti wa miaka 15, alimbana kwelikweli, lakini dhahabu ya tatu ikapatikana. Mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyefikisha dhahabu tatu za Olimpiki katika mashindano ya mtu mmoja mmoja. Ubingwa wa dunia aliuchukua London, Budapest, New York, Berlin, Montreal, Stockholm, Oslo tena, Vienna na Paris, mwaka baada ya mwaka, hadi ukatimia mara kumi mfululizo. Mtu hawezi kubebwa na majaji wa kwao katika miji yote hiyo.

Simtetei kwa kila kitu. Mwanzoni mwa 1936, Berlin, alimpigia Hitler saluti ya Kinazi, na magazeti ya kwao yakamshukia. Walikuwa na haki kumshukia.

Jibu langu basi: mataji tisa ningeyaandika kwa wino. La 1927 ningeliandika kwa penseli. Si kwa sababu Henie hakuwa na uwezo, uwezo aliuonyesha, bali kwa sababu ya mtu wa upande wa pili ambaye tunamsahau kila tunapohesabu rekodi hizi. Szabo hakurudi tena kwenye mashindano ya dunia ya mtu mmoja mmoja. Kanuni ya jaji mmoja kwa kila nchi ilikuja, yeye keshaondoka. Henie aliposhinda Vienna mwaka 1935, mjini kwa Szabo mwenyewe, ilikuwa imepita miaka minane.

Ningekuwa na uwezo wa kupanga pambano moja tu la marudiano katika historia ya michezo, nisingechagua la ngumi. Ningewapanga hawa wawili, London, 1928, michoro ya lazima asubuhi na muziki jioni, na mezani asikae jaji hata mmoja wa Norway wala wa Austria.