Hela yangu inaishia uvunguni mwa 109

Swali la wiki hii mmeuliza "Ni kitu gani kinakula hela yako na bado huwezi kukiacha?" na mimi nimelisoma nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa uani kwangu hapa Mikindani, grisi mpaka kwenye viwiko, kwahiyo jibu nilikuwa naliangalia kwa macho. Ni Land Rover 109, Series III ya 1978, dizeli. Zamani lilikuwa la kijani, sasa hivi ni la kijani na viraka.

Niliachiwa na mjomba. Watu wa kusini hapa hamhitaji kuelezwa mjomba ni nani, kwa Wamakonde wa zamani mali ya mtu ilikuwa inamwendea mtoto wa dada yake, na mjomba wangu alikuwa mtu wa zamani kwelikweli. Alilinunua mnadani 1991 likiwa gari la mradi lililochoka. Akabebea korosho kutoka vijiji vya Tandahimba, akabebea maji kule juu uwandani Newala ambako maji yalikuwa shughuli ya siku nzima, akabeba maharusi, akabeba misiba. Dar alikuwa anaenda nalo kabla ya Daraja la Mkapa, maana daraja limefunguliwa 2003, kabla ya hapo Rufiji unavuka kwa pantoni, na masika ile njia ya Ndundu mpaka Somanga watu walikuwa wanalala na kuamka kwenye tope. Sasa alipofariki 2017 nikapewa ufunguo na daftari. Hilo daftari ndio nataka niliongelee, maana bila daftari nisingeweza kuwajibu vizuri.

Ni daftari la shule la kawaida, lina safu tatu alizopiga kwa rula: tarehe, hela, sababu. Hakuandika tu kwamba kabadilisha bushi, aliandika bushi imekufa kwa nini. "Maji yameingia." "Nimepakia kuzidi." "Fundi alikaza bila washa," yaani ile pete ya chini ya nati. Kuna ukurasa mmoja kaandika "uzembe wangu" tu, hakueleza, na mbele yake kuna hela nyingi. Mimi nimeendelea na safu zilezile tatu mpaka leo.

Niseme ukweli kwanza. Nikiwaambia ninalihitaji kwa ajili ya barabara nitakuwa nawadanganya. Mtwara Dar ni lami, Mtwara Lindi lami, Masasi lami, na hata huku Newala lami inapanda kila mwaka. Safari zangu zote kwa mwaka gari dogo la kawaida lingezimaliza na mafuta yangebaki. Wenzangu wengi wenye magari ya zamani wanajitetea na tope, mimi tope limeniishia na gari bado ninalo, na hela bado inatoka.

Inatokaje? Kwanza bahari. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam 1948, Uingereza ikiwa ndio imetoka vitani na chuma cha bati kinagawiwa kwa mgao, wakaamua bodi watengeneze kwa aloi ya alumini ambayo viwanda vya ndege vilibaki nayo. Ndio maana bodi ya gari langu ina miaka arobaini na kitu na haijaliwa na kutu kama magari mengine. Lakini chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma. Na ukikaa Mikindani, upepo wa chumvi unaingia uani mchana na usiku, chesisi inaoza kwa ndani, nje unaona rangi nzima kabisa, ukigonga na nyundo inaitika kama debe. Halafu kuna kitu kingine ambacho mimi nilikuwa sikijui, alumini ikigusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi zinagombana, na anayeshindwa ni alumini. Fungua mkanda wa chuma wa juu ya mlango utakuta unga mweupe kama unga wa muhogo, ukiugusa unamwagika, na pale chini bati limebaki jembamba kama karatasi. Mara ya kwanza nilidhani ni rangi ya zamani, nikaupuliza tu. Ilikuwa ni mlango wangu unaisha.

Chesisi nimechomelea mara mbili, mwaka wa kwanza laki sita na nusu, mara ya pili boriti yote ya nyuma na mikono minne inayoshika bodi, milioni moja na laki mbili. Sasa hivi kila baada ya wiki mbili naiosha kwa maji baridi ya bomba halafu naipaka oili chafu na brashi, mpaka ndani ya matundu.

Pili spana. Hili nalisema kwa uchungu kwasababu limeharibu Land Rover nyingi kusini hii. Nati za gari hili ni za inchi. Spana tulizonazo gereji zote ni za milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwahiyo spana namba 13 inaingia, inabaki na nafasi ndogo sana, na ile nafasi ndogo ndiyo inayokula kona za nati. Leo umefungua, kesho umefungua, mwezi ujao nati imekuwa duara, anakuja mtu na tindo. Nikijumlisha nati na bolti nilizokata kwa grainda kwasababu ya namba 13, nashika kichwa. Seti ya spana za inchi nilitafuta miezi minne, nikaipata kwa mtu Lindi aliyekuwa anafunga gereji ya baba yake, nikalipa laki na themanini kwa spana zilizotumika, na nilipokuwa narudi kwenye basi nilizipakata mapajani, sikuziweka hata kwenye buti. Siku nilipofungua nati ya kwanza kwa spana yake halisi, ile inavyokaa, haichezi hata kidogo, ukivuta inaachia kwa sauti moja tu, kwakweli nilifunga tena nikafungua tena.

Na fundi. Fundi wangu ni mzee wa miaka sabini na kitu, baba yake alijifunza spana Nachingwea enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukaanguka 1951, ule uliotuachia bandari ya Mtwara. Jicho moja lina mtoto wa jicho, la pili nalo linaelekea hukohuko. Anafanya kazi kwa vidole. Akishika bolti anapitisha ukucha kwenye meno yake anakwambia hii siyo yake, mtu kaipachika.

Mwaka juzi mwezi wa saba, kusi inavuma na asubuhi kuna kabaridi, gari likagoma. Dizeli hii huwezi kuiwasha hivihivi, unageuza ufunguo nusu, hita plagi nne zinapasha vyumba vya ndani, unahesabu mpaka ishirini ndio unapiga stata. Nikahesabu ishirini, nikahesabu arobaini, stata inazungusha vizuri kabisa, moshi mweupe kidogo halafu kimya. Nikatoa upepo kwenye filta, nikapampu kwa mkono, nikatoa upepo kwenye pampu ya nozeli, mikono inanuka dizeli mpaka jioni, wapi. Nikamfuata mzee kwa bodaboda. Akafika, hakufungua kitu. Akatoa kitaa chake cha kupimia, ni balbu ya indiketa na waya mbili, akaniambia "mwanangu washa hita halafu utulie." Akagusa upande umeme unapoingia, taa ikawaka. Akasogea plagi ya pili, ikawaka. Akasogea ya tatu, giza. Akasema "huyu hapa."

Kumbe kwenye magari ya miaka ile hizo plagi zimefungwa kwa kufuatana, umeme unapita kwa huyu ndio unaenda kwa yule, kama zile taa za sherehe za zamani, mmoja akifa wote wanalala. Kati ya nne, tatu zilikuwa nzima na hakuna hata moja iliyokuwa inapata moto. Yaani mimi nilikuwa nimehangaika siku nzima na mafuta, na yeye ambaye haoni vizuri, kinachomwongoza ni mwanga na giza tu, kamaliza kwa dakika tano. Plagi ilitoka Dar kwa basi, 45,000 na kifurushi 5,000. Kwenye daftari safu ya sababu nimeandika mistari minne.

Sasa nikirudi kwenye swali lenu, hapo ndio penyewe. Kila kitu kinachokufa kwenye hili gari kina sababu, na sababu unaweza kuishika mkononi. Kuna gereji moja mjini nilipeleka nikiwa na haraka, kijana akaona mafuta ya breki yamepungua akajazia hydroliki ya stelingi. Siku ya tatu pedali ikawa ngumu, breki hazirudi, ngoma zimechemka hadi unasikia harufu ukiwa umekaa ndani. Tulipofungua, raba zimevimba kama maandazi, maana mafuta ya aina ile hayapatani kabisa na raba za breki. Masta silinda ya pale kwenye pedali na wili silinda za magurudumuni zote sita, mbele mbilimbili nyuma mojamoja, pamoja na kusafisha paipu zote, laki nne na ishirini. Iliniuma sana, na bado nikizikumbuka zile raba zilizovimba nazikumbuka kwa faida, ninajua breki inavyofanya kazi kuanzia mguuni mpaka kwenye ngoma, na kabla ya hapo nilikuwa nakanyaga tu.

Watu wananishauri nitoe injini niweke ya Toyota. Ushauri sio mbaya, mtu anayetafuta riziki na gari afanye hivyo kesho, na zile Land Cruiser mkonga ninaziheshimu kwa moyo wote, ndio zinafanya kazi ya vijijini siku hizi. Injini yangu ni cc 2,286 na nguvu farasi kama 62, mlima wa kupanda Newala naupanda na gia ya pili na bodaboda wananipita wakinipungia. Krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekaa kwenye bearing kubwa tatu tu, wao wenyewe kiwandani walikuja kuongeza zikawa tano mwaka 1980, kwahiyo hii huipigi resi, unaisikiliza. Nikiitoa, daftari la mjomba kurasa zaidi ya sitini zitakuwa zinaongelea kitu ambacho hakipo.

Kuna siku jani kubwa la springi ya nyuma lilikatika kabla ya kufika Kitangari. Pembeni ya barabara kulikuwa na mchongaji, akaja akaangalia, hakusema neno, akarudi na kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kazi yake, kizito kama chuma, tukakipigilia kati ya eksli na chesisi tukafunga na mnyororo na mpira wa tyubu, nikatembea taratibu mpaka mjini. Hela alikataa. Kile kipande kimo chini ya kiti mpaka leo.

Na raha nayo niitaje, isionekane ni gharama tupu. Msimbati, maji yakiwa yametoka. Unapunguza upepo wa tairi mpaka zinakaa chini kama miguu ya ngamia, unabonyeza kile kitufe cha njano, magurudumu yote manne yanashika, mchanga unaanza kutoa ule mlio wake chini, gari linaelea taratibu gia ya tatu, madirisha umefungua, watoto nyuma wamenyamaza wenyewe bila kuambiwa. Nusu saa tu. Halafu unarudi nyumbani unaosha chumvi masaa mawili, na hayo masaa mawili nayo nayapenda.

Mama watoto mwaka jana alichukua simu akajumlisha safu ya hela tangu nilipokabidhiwa, milioni 9 na laki 7. Hakugomba. Aliniuliza, "Hizo si bati za nyumba nzima?" nikamjibu ndio, ni bati. Tukakubaliana msimu wa korosho ukifika ada kwanza, bati zifuate, gari lipate hela ya gunia mbili na lisiombe zaidi. Bati tumeshaezeka upande mmoja. Mwaka huu gunia mbili zote zinaenda kwenye mlango wa kulia, ule wa unga mweupe, kwahiyo kama kuna msomaji Nachingwea, Liwale au popote kusini ana mlango wa juu wa Series, yaani kile kipande cha dirisha, wenye reli nzima za kioo, hata kama kioo hakipo, naomba asiuuze chuma chakavu, mimi nitaufuata mwenyewe.